Beseni kwanza, somo baadaye: Lillian Wald na maana ya muuguzi wa afya ya jamii

Kila ifikapo Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, picha inayosambazwa ni ile ile: mwanamke wa Kiingereza ameshika taa, anapita usiku katikati ya vitanda vya askari majeruhi. Huyo ni Florence Nightingale, na tarehe yenyewe ndiyo siku aliyozaliwa. Heshima hiyo anaistahili. Lakini picha ile imetujengea wazo kwamba mahali pa muuguzi ni wodini, pembeni ya kitanda, akingoja maelekezo ya daktari. Ndiyo maana mtu akisikia maneno "muuguzi wa afya ya jamii" huuliza: huyo anamuuguza nani, ikiwa hayuko hospitali? Wengine wanamchanganya na mhudumu wa kujitolea anayepita nyumba kwa nyumba. Wengine wanadhani ni bwana afya, yule anayekagua vyoo na mabucha. Wengine wanamwona kama mtu wa kampeni, kazi yake kugawa vyandarua na vipeperushi.

Mkanganyiko huu una gharama. Kazi isiyoeleweka haipewi bajeti, na anayeifanya hapewi heshima. Njia nzuri ninayoijua ya kuufumua ni kumfuata mtu ambaye jina hilo limetoka kinywani mwake: Lillian Wald, muuguzi wa jiji la New York, aliyezaliwa mwaka 1867 na kufariki mwaka 1940. Maisha yake yanaeleza kazi hii kuliko maelezo yoyote ya darasani.

Kwanza, maneno yenyewe

Kuuguza ni kukaa na mwili wa mtu mpaka upone, au angalau utulie. Ni kumwogesha, kumgeuza asipate vidonda vya mgongo, kumlisha, kusafisha jeraha, kumpa dawa kwa saa yake, na kuiona dalili mbaya kabla haijawa msiba. Daktari hupita akaondoka. Muuguzi ndiye anayebaki.

Afya ya jamii, ambayo wengine huiita afya ya umma, ni jambo jingine. Mwaka 1920 profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, Charles-Edward Winslow, aliieleza kwa maneno yanayotumika mpaka leo: ni sayansi na sanaa ya kuzuia magonjwa, kurefusha maisha na kukuza afya kwa juhudi za pamoja za jamii. Neno la kushika hapo ni "pamoja". Mikono unaweza kunawa peke yako. Maji safi ya mji mzima huwezi kujiletea peke yako, wala huwezi kuondoa taka za mtaa mzima kwa ndoo yako moja.

Sasa chukua mtoto mmoja anayeharisha. Anayetibu atauliza mtoto ana nini na apewe nini. Mtu wa afya ya jamii atauliza kwa nini watoto tisa wa uchochoro huo huo wanaharisha juma moja. Muuguzi wa afya ya jamii ni yule anayeuliza swali la pili huku mikono yake inafanya kazi ya swali la kwanza. Amempakata mtoto, anamnywesha maji yenye chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, na macho yake yako kwenye mtungi uliofunuliwa kule pembeni.

Muuguzi wa wodini hafanyi hivyo, kwa sababu haioni nyumba. Bwana afya anaiona nyumba lakini hampakati mtoto. Mhudumu wa kujitolea anaijua nyumba kuliko wote, ila hana mafunzo ya kutibu. Muuguzi wa afya ya jamii anasimama pale njia hizi zinapokutana, na hapo ndipo Wald alipojikuta asubuhi moja ya Machi 1893, bila kupanga.

Asubuhi ya mvua, mtaa wa Ludlow

Wald hakutoka kwenye dhiki. Alizaliwa Cincinnati, akakulia Rochester, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Ujerumani, baba yake akiwa mfanyabiashara wa vifaa vya macho. Akiwa na miaka 16 aliomba kuingia chuo cha Vassar, akakataliwa kwa kuwa alikuwa mdogo mno. Uuguzi ulimvutia baada ya kumwona muuguzi aliyekuja nyumbani kumhudumia dada yake. Akahitimu katika shule ya uuguzi ya New York Hospital mwaka 1891, akafanya kazi kwa muda katika makao ya watoto, kisha akaanza masomo ya udaktari katika chuo cha tiba cha wanawake. Njia yake ilikuwa imenyooka kuelekea kwenye cheo na maisha mazuri.

Wakati anasoma udaktari, alikubali kufundisha darasa la uuguzi wa nyumbani kwa wanawake wahamiaji wa Lower East Side. Eneo hilo la Manhattan lilikuwa limejaa watu waliotoka Ulaya ya Mashariki, Italia na kwingineko, wakiishi katika majengo ya kupangisha ya ghorofa tano au sita, vyumba vingine havina hata dirisha la kuingiza mwanga. Mwaka ule uchumi wa Marekani uliporomoka na kazi zikawa adimu.

Siku hiyo Wald alikuwa akifundisha namna ya kutandika kitanda cha mgonjwa. Akaingia msichana mdogo, akasema mama yake anaumwa. Wald akamfuata kwenye mvua, akiruka magodoro machafu na marundo ya taka, akapita meza za wauza samaki, akavuka ua wenye vyoo visivyo na milango ambavyo wanaume kwa wanawake walivitumia, akapanda ngazi zenye utelezi. Juu akakuta familia ya watu saba katika vyumba viwili, humo humo na wapangaji wa ziada waliochukuliwa ili kodi ipatikane. Baba alikuwa mlemavu anayeomba msaada barabarani. Mama alikuwa kitandani tangu alipojifungua, siku mbili zilizopita, na damu ya siku hizo mbili ilikuwa bado chini yake.

Wald akafanya kile muuguzi anachokijua. Akamwogesha yule mama, akabadili kitanda, akasafisha chumba. Wenyeji walimbusu mikono alipomaliza. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba asubuhi ile ilikuwa kwake ubatizo wa moto, na kwamba maabara na masomo ya chuo aliyaacha asirudi tena.

Wengi wanaposimulia kisa hiki husimama kwenye huruma. Mimi naona cha kushika ni mpangilio wa mambo. Wald aliingia kwenye nyumba ile akiwa mwalimu wa kutandika kitanda, na kama angeanza kumhubiria mama yule habari za usafi, angekuwa anamtukana. Mama hakuwa mchafu kwa kukosa elimu. Hakuwa na nguvu za kuinuka, hakuwa na mtu wa kumwinua, wala fedha ya kumwita wa kumwinua. Alichohitaji kwanza ni maji ya moto na mikono ya mtu.

"Kinga ni bora kuliko tiba": tunapoikosea kauli hii

Kauli hii tumeisikia tangu shuleni na ni kweli. Tatizo ni kwamba tumeifanya kuwa mashindano, kana kwamba kinga na tiba ni timu mbili na lazima uchague upande. Ndipo anatumwa mtu mtaani na mabango, anazungumza na watu ambao nyumbani wana mgonjwa hoi, anawaambia mambo ya kesho wakati wao wanatafuta jinsi ya kuvuka leo. Wanamsikiliza kwa adabu, na akishaondoka hakuna kinachobadilika.

Wald aliligeuza jambo hili. Kwake, tiba ndiyo iliyokuwa mlango wa kinga. Muuguzi akishamshusha mtoto homa, mama wa mtoto huyo atamsikiliza akisema maziwa yachemshwe. Akishakesha na baba mwenye kifua kikuu, familia itakubali dirisha liwe wazi na kikombe cha baba kitengwe. Haki ya kufundisha anaipata kwa kazi ya mikono yake.

Kwa ajili hiyo mwaka huo huo wa 1893, yeye na mwenzake Mary Brewster walihamia kuishi mtaani kwenyewe, na baada ya muda mfupi wakapanga ghorofa ya juu ya jengo la mtaa wa Jefferson. Mwaka 1895 tajiri wa benki, Jacob Schiff, aliwapatia nyumba namba 265 mtaa wa Henry. Nyumba hiyo ikawa makao ya wauguzi, ukumbi wa mikutano, mahali pa watoto kuchezea na madarasa ya watu wazima, yote chini ya paa moja. Ndiyo ikaitwa Henry Street Settlement. Wald alimwandikia Schiff taarifa kila mwezi: nani aliugua, alikuwa katika hali gani, alifanyiwa nini.

Kuishi pale kulikuwa na faida isiyoonekana kwenye takwimu. Mgeni humkuta mtu amejitayarisha, nyumba imefagiwa na shida zimefichwa nyuma ya pazia. Jirani hukuta mambo yalivyo, na saa nane za usiku ni yeye anayegongewa mlango.

Je, Wald ndiye wa kwanza?

Hapana, na wanaosema hivyo wanampa sifa ambayo haihitaji. Mwaka 1859 huko Liverpool, mfanyabiashara William Rathbone alifiwa na mke aliyekuwa ameuguzwa nyumbani na muuguzi Mary Robinson. Rathbone akamwomba muuguzi huyo awahudumie maskini wa mji kwa miezi mitatu. Robinson nusura aache kazi mwezi wa kwanza kwa jinsi dhiki aliyoiona ilivyomzidi, ila alivumilia, na kutoka hapo Uingereza ikaanza kugawa miji katika maeneo, kila eneo na muuguzi wake. New York penyewe, wauguzi wa misheni walikuwa wakitembelea nyumba tangu mwaka 1877.

Jipya alilolileta Wald ni hili: muuguzi wake hakuwa chini ya kanisa fulani wala daktari fulani. Kabla yake, mara nyingi muuguzi wa nyumbani alitumwa na zahanati moja au shirika moja la dini, na mgonjwa aliyekuwa nje ya mlolongo huo alikosa. Kwa wauguzi wa mtaa wa Henry, mtu yeyote aliweza kuita: mama, jirani, mwalimu, mtoto. Daktari naye aliweza kuita. Muuguzi alikwenda, akatazama, na kama hali ilihitaji daktari au hospitali alisema hivyo na kusaidia mgonjwa afike. Idara ya Afya ya jiji iliwaruhusu kuvaa beji ya kuwatambulisha kuwa ni wauguzi watembeao chini ya idara hiyo, lakini hawakuwa vibarua wa mtu.

Hapa ndipo fikra kwamba muuguzi ni msaidizi wa daktari inapovunjika. Baadhi ya madaktari walilalamika, wakiona wauguzi wanaingilia riziki yao. Kwa upande mwingine, wagonjwa wengi walioonwa na wauguzi hawa hawakuwa na daktari wa kuingiliwa. Muuguzi na daktari ni taaluma mbili zinazotegemeana, kama fundi mwashi na fundi bomba katika nyumba moja. Kila mmoja akijifanya mkubwa wa mwenzake, nyumba haikamiliki.

Muuguzi juu ya paa

Kuna picha maarufu ya mwaka 1908 hivi. Muuguzi wa mtaa wa Henry, gauni refu, kofia kichwani na mfuko mweusi mkononi, anavuka ukuta mdogo juu ya paa kutoka jengo moja kwenda jengo la pili. Anayeiona mara ya kwanza hufikiri ni vituko. Hesabu yake ni rahisi. Majengo yalibanana bega kwa bega na hayakuwa na lifti. Ukimaliza mgonjwa wa ghorofa ya tano hapa na unaye mwingine ghorofa ya tano pale, kushuka ngazi zote na kupanda tena ni kupoteza muda na magoti. Kwa hiyo unapanda ngazi moja tu kwenda juu, unavuka paa, unashuka kwa mgonjwa wa pili. Kufikia mwaka 1913 wauguzi 92 wa nyumba hiyo walikuwa wanafanya ziara 200,000 kwa mwaka. Gawa mwenyewe uone: kila muuguzi zaidi ya ziara elfu mbili kwa mwaka.

Na ule mfuko nao una elimu yake. Ukisoma uuguzi wa jamii popote duniani utafundishwa mbinu ya mfuko. Unapoingia nyumbani kwa mtu huuweki sakafuni. Unatandika gazeti au karatasi safi, unauweka juu yake. Unanawa mikono kabla ya kuufungua. Unatoa unavyohitaji, unaufunga, unafanya kazi, unasafisha ulivyotumia, unanawa tena ndipo unarudisha. Kwa mtazamaji ni mambo madogo, lakini mfuko huo siku hiyo hiyo unakwenda kwa mzazi wa jana na kwa mtoto wa juzi, na usipotunzwa utabeba ugonjwa wa nyumba moja kuupeleka nyumba nyingine. Isitoshe, familia nzima inatazama. Binti mkubwa anayemwona muuguzi akinawa mikono mara mbili mbele ya macho yake amepata somo bila kuhubiriwa.

Shule nne na muuguzi mmoja

Mtu akiniuliza kazi hii inaleta nini hasa, humpa kisa cha shule za New York, kwa sababu kina kipimo.

Tangu mwaka 1897 jiji lilikuwa na madaktari wakaguzi wa shule. Kazi yao ilikuwa kupita madarasani, kumtambua mtoto mwenye ugonjwa wa kuambukiza na kumrudisha nyumbani. Chawa, upele, punye kichwani, na trakoma, ule ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha. Kwa maana ya karatasi, mfumo ulifanya kazi. Mtoto mgonjwa hakukaa darasani.

Lakini fuatana na mtoto mwenyewe. Anapewa karatasi imeandikwa kwa Kiingereza. Anaipeleka kwa mama anayesoma Kiyidi au Kiitaliano, au asiyesoma kabisa. Mama haoni homa, haoni mtoto kulala chini, kwa hiyo haoni ugonjwa. Fedha ya daktari hana. Mtoto anabaki mtaani mchana kutwa, na saa za shule zikiisha anacheza na wale wale aliotengwa nao. Wald alikutana na mvulana wa miaka 12, Louis, ambaye alikuwa hajawahi kuhudhuria shule kwa sababu kila akienda alirudishwa kwa vidonda vya kichwani. Alichohitaji kilikuwa marhamu, maji na mtu wa kumwonyesha mama yake namna ya kupaka.

Mwaka 1902 Wald akaliambia jiji: nitawapa muuguzi mmoja kwa mwezi mmoja, mwone wenyewe. Akamtoa Lina Rogers, akapangiwa shule nne. Rogers alikaa na vifaa vichache, akawatibu hapo hapo shuleni wale wenye magonjwa madogo, wakarudi darasani. Waliolazimika kubaki nyumbani aliwafuata huko jioni, akakaa na mama, akaonyesha kwa vitendo. Mwezi ulipokwisha, jiji lilianza kuajiri wauguzi wa shule kwa fedha yake.

Takwimu zinazokumbukwa ni hizi: Septemba 1902 watoto waliotengwa na shule New York walikuwa 10,567. Septemba 1903 walikuwa 1,101.

Niweke tahadhari hapa, maana namba hizi huimbwa bila kufikiriwa. Zinahesabu watoto waliorudishwa nyumbani, hazihesabu watoto waliougua. Sehemu ya upungufu ule imetokana na utaratibu kubadilika: mwenye upele mdogo sasa alitibiwa akabaki darasani, badala ya kufukuzwa. Sidhani kwamba hilo linapunguza uzito wa jambo. Magonjwa yalikuwa yale yale, madaktari wale wale, wazazi wale wale. Kilichoongezwa ni mtu wa kuunganisha shule na nyumba, na watoto kwa maelfu wakarudi darasani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Hapa ufa ulikuwa kati ya karatasi ya daktari na mlango wa mama.

Si sadaka

Dhana nyingine inayorudi mara kwa mara ni kwamba afya ya jamii ni huduma ya bure kwa maskini, kitu cha kupewa na kushukuru. Wald aliikataa mapema. Familia iliyoweza ililipa kiasi kidogo kwa kila ziara, senti chache, na isiyoweza haikulipa wala haikuulizwa kwa kejeli. Sababu haikuwa fedha, kwani senti hizo zisingeendesha nyumba ile hata wiki. Anayelipa, hata kidogo, ana haki ya kuuliza, kukataa na kuita tena. Anakuwa mteja mwenye sauti badala ya mwombaji.

Mwaka 1909 alikwenda mbali zaidi. Kampuni ya bima ya Metropolitan Life ilikuwa na wateja wengi wafanyakazi waliolipa ada ndogo kila wiki kwa wakala aliyepita mlangoni. Wald, akishirikiana na Lee Frankel wa kampuni hiyo, alitoa hoja inayoeleweka hata kwa mtu asiyejali afya: kila mteja anayekufa mapema ni hasara kwenu. Mlipieni muuguzi akamwone anapougua, ataishi zaidi na ataendelea kulipa ada. Kampuni ikajaribu Manhattan, ikaona faida, ikaipeleka huduma hiyo miji mingine ya Marekani, na iliendelea nayo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wanaodhani bima kulipia uuguzi wa nyumbani ni wazo la juzi waitazame tarehe hiyo.

Mwaka 1912 aliwashawishi Msalaba Mwekundu wa Marekani waanzishe huduma ya wauguzi vijijini, na mwaka huo huo akawa rais wa kwanza wa chama cha kitaifa cha uuguzi wa afya ya jamii. Kufikia hapo kazi ilikuwa na jina, chama na viwango vyake.

Kwa nini muuguzi aliingia kwenye siasa

Kuna wanaosema mtu wa afya abaki kwenye sindano zake. Nawaelewa, lakini Wald anaonyesha kwa nini haiwezekani. Ukimtibu mtoto kikohozi leo, ukamkuta tena mwezi ujao na kikohozi kile kile, utaanza kuuliza analala wapi. Ukiuliza analala wapi utafika kwa mwenye nyumba. Ukiuliza kwa nini hakui utafika kwenye karakana anakoshona vifungo mpaka usiku. Hakuna aliyemtuma Wald bungeni. Wagonjwa wake ndio waliomfikisha huko.

Alipigania viwanja vya michezo kwa watoto, na mwaka 1903 kiwanja cha Seward Park, karibu na nyumbani kwake, kikawa cha kwanza kujengwa na jiji nchini humo. Alipinga ajira ya watoto. Asubuhi moja alisoma gazetini kwamba waziri wa kilimo anasafiri kwenda kusini kuchunguza uharibifu wa mdudu wa pamba. Akajiuliza kwa nini serikali ina mtu wa kuhangaikia pamba na haina wa kuhangaikia watoto wanaokufa. Yeye na mwanaharakati mwenzake Florence Kelley wakalisukuma wazo hilo kwa miaka, mpaka mwaka 1912 Rais Taft alipotia saini sheria ya kuunda ofisi ya watoto ya serikali ya shirikisho, ikiongozwa na Julia Lathrop.

Kuhusu rangi, rekodi yake inahitaji kusomwa kwa makini. Mwaka 1906 aliajiri muuguzi mweusi, Elizabeth Tyler, wakati hospitali nyingi zisingethubutu. Tyler alipendekezwa na Jessie Sleet, mwanamke mweusi aliyekuwa ametangulia katika kazi hii jijini tangu mwaka 1900 na ambaye jina lake lingestahili kujulikana zaidi. Mwaka 1909 wajumbe wa mkutano uliozaa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, walikaribishwa katika nyumba ya mtaa wa Henry. Hata hivyo, Tyler na wenzake walihudumia zaidi familia za watu weusi kupitia tawi lao, mtaa wa San Juan Hill. Wald alisogea kuliko wengi wa wakati wake, ila mstari wa ubaguzi hakuufuta.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja alisimama upande wa amani, akaongoza chama kilichopinga siasa za kijeshi, na baadhi ya wafadhili wakamkimbia. Kisha mafua ya mwaka 1918 yakapiga New York na wote wakamrudia. Aliwekwa kuongoza baraza la dharura la wauguzi wa jiji. Ugonjwa ule haukuwa na chanjo, na nimonia iliyoufuata haikuwa na dawa ya kuiua, kwa sababu antibiotiki zilikuwa bado. Kilichobaki ni kuuguza: maji kwa kijiko, supu, shuka kavu, paji la uso kupozwa, mtu wa kukaa na mtoto ambaye wazazi wote wawili wamelala. Katika msimu ule uuguzi ndio uliokuwa tiba yenyewe.

Kilichotenganishwa

Wald alishikilia mpaka mwisho kwamba muuguzi yule yule anayeosha mgonjwa ndiye afundishe nyumba. Nchi yake haikumfuata kikamilifu. Katika miaka ya 1920 idara za afya za miji mingi zilichukua upande wa kinga: kliniki za watoto, ukaguzi wa shule, elimu. Mashirika ya hiari yakaachiwa wagonjwa walioko kitandani. Muuguzi wa serikali alifika na somo bila beseni, na muuguzi wa shirika alifika na beseni akiwa hana muda wa somo. Familia moja ikaweza kutembelewa na wote wawili wiki moja, kila mmoja asijue alichokiona mwenzake. Nikisikia leo watu wakibishana kama fedha iende kwenye kinga au kwenye tiba, naona mgawanyiko ule ule umevaa nguo mpya.

Afya yake ilipodhoofika aliachia uongozi mwaka 1933, akahamia Westport, Connecticut, alikofariki Septemba 1, 1940. Miaka minne baadaye, mwaka 1944, kazi ya uuguzi na kazi ya jamii zilizokuwa zikikaa paa moja ziligawanywa kuwa mashirika mawili. Moja limebaki na nyumba namba 265 mtaa wa Henry, na milango yake ingali wazi. La pili, ambalo leo linaitwa VNS Health, lilichukua wauguzi, na bado wanapanda ngazi za New York.